Maji ya Ggaba na Maneno ya Watu

"Jjajja, kwa nini umenifutia?"

Mjukuu wangu aliuliza hivyo jana jioni kabla hata ya kutua jerikani. Alisimama mlangoni, maji mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, na machozi hayakuwa mbali. Ana miaka 14. Nyuma yake walijipanga wadogo zake wawili, wamekuja kuona kesi itaishaje.

Nikawaambia: washeni sigiri, tuteleke maji ya kunywa, kisha mkae. Swali hilo halijibiwi mtu akiwa amesimama. Nanyi mnaosoma, sogeeni mkekani, nafasi ipo.

Kwanza mjue tuko wapi. Ukitoka katikati ya Kampala ukapita Kabalagala, Kansanga na Bunga, barabara inateremka mpaka inaishia ziwani. Hapo ndipo Ggaba. Pana soko, pana mwalo wa boti, pana ndege waitwao kaloli wanaorandaranda kwenye meza za samaki wakingoja matumbo. Mimi nilizaliwa Mwanza, kusini mwa ziwa hilihili, nikaja kuolewa huku, nikauza samaki kwa zaidi ya miaka 30. Sato wa kwetu nikajifunza kuwaita ngege, sangara nikawaita mputa, dagaa nikawaita mukene. Lugha ya hapa ni Luganda, lakini Kiswahili hakikosekani. Kansanga kuna chuo kikuu chenye wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania. Wako Wakongo, wako wavuvi wa visiwani, wako mafundi wa boti. Ndiyo maana kundi la WhatsApp la mtaa wetu lina lugha tatu, siku nyingine nne. Mimi ni mmoja wa maadmini wake watatu. Meza ya samaki nimewaachia wenye nguvu, nikabaki na meza ya maneno.

Ujumbe wa mjukuu wangu ulikuwa mfupi. Aliandika: "Yule mama mwenye kibanda cha kona anatupa matumbo ya samaki mferejini. Mchafu kabisa. Aondolewe sokoni." Haukukaa hata dakika tano. Niliufuta, nikaandika chini yake: "Jamani, tutumie lugha ya heshima."

"Sasa nieleze," akasema. "Nimesema uongo?"

Sikumjibu. Nilimwuliza swali langu: haya maji uliyoleta yametoka wapi?

"Bombani."

Na bombani yametoka wapi?

Mdogo wake akadakia: "Ziwani! Pale kwenye mtambo."

Watoto wa Ggaba wanaujua mtambo huo, maana wanaupita kila siku. Hapa kwetu ndipo Kampala inapochotea sehemu kubwa ya maji yake. Mtambo wa kwanza ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wa pili ukaja mwaka 1992, wa tatu mwaka 2007. Inaendeshwa na Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka. Lakini liko jambo ambalo hata wakubwa wengi hawalifikirii. Katikati ya jiji unapita mfereji wa Nakivubo. Unabeba maji ya mvua, maji ya vyoo, mafuta ya gereji na mabaki ya masoko, na safari yake inaishia katika ghuba ya Murchison. Ghuba ya Murchison ndiyo hii iliyo mbele yetu. Kilomita chache kutoka pale mfereji unapoingia ziwani, mabomba ya Ggaba yanavuta maji ya kunywa. Jiji linamwaga hapa, na linakunywa hapa.

Mngefanyaje? Mngelifunga ziwa? Basi tungekufa kwa kiu. Mngeyanywa yalivyo? Kipindupindu kingetupitia nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana pale mtamboni wako watu wasiolala. Wanaanza na wavu unaozuia magugu na takataka kubwa. Kisha wanatia shabu, hiihii shabu mnayoijua nyumbani, na lile tope laini lisiloshikika linaanza kugandana, linakuwa zito, linazama lenyewe. Maji yanapita kwenye mchanga. Mwisho yanatiwa klorini, kiasi kidogo tu cha kuua vijidudu. Klorini ikipungua, watu wanaugua. Ikizidi, maji hayanyweki, na mtu atarudi kuchota ziwani.

Kazi ya kusimamia mazungumzo ya watu wengi ni hiyo. Watu wanamwaga humo na wanakunywa humo. Msimamizi anatafuta kipimo.

Kampala ilikuwa na meza ya maneno hata kabla hamjazaliwa. Iliitwa ekimeeza. Neno hilo lina safari nzuri. Wareno walikuja pwani na neno lao, Waswahili wakasema meza, Waganda wakasema emmeeza. Lakini tazameni: sisi Waswahili tukiongeza ki-, kitu kinapungua, kimeza ni meza ndogo. Waganda wakiongeza eki-, kitu kinaweza kukua. Ekimeeza ni limeza la watu wote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Radio One ilianza kurusha ekimeeza kila Jumamosi kutoka Club Obbligato, ukumbi ambao wapenzi wa muziki waliujua kwa bendi ya Afrigo. CBS, redio ya Buganda, nayo ikawa na meza yake kwa Luganda, ikiitwa Mambo Baado. Redio nyingine zikafuata. Yeyote aliweza kwenda. Aliandikisha jina, akasubiri zamu, akaitwa, akapewa kipaza sauti kwa dakika chache. Mbunge alizungumza, mwanafunzi akamjibu. Mimi nilisikiliza nikiwa mezani kwangu mwaloni, redio ndogo nimeining'iniza kwenye mti wa kibanda, na wateja walichelewa kuondoka kwa sababu walitaka kusikia mwisho wa hoja.

Katika watu wote wa meza ile, niliyemfuatilia zaidi ni mwenyekiti. Sauti yake ilisikika mara chache. Alisoma jina lililofuata. Alisema muda umekwisha. Umati ulipomzomea mtu, aliwatuliza, mtu yule amalize hata kama alikuwa akisema jambo lililowaudhi wengi. Siku moja nikamwambia jirani yangu wa meza, huyu bwana kazi yake ni kumfanya mwenye sauti kubwa asubiri. Akanijibu, basi ndiyo kazi ngumu kuliko zote hapa Kampala.

"Wewe ndiye mwenyekiti wa kundi letu," akasema mjukuu wangu.

Ndiyo. Lakini yule mwenyekiti alikuwa na kitu ambacho mimi sina: aliziona nyuso. Aliona nani amekunja uso, nani anacheka, nani ameinua mkono kisha akaushusha kwa woga. Katika kundi letu ninaona herufi tu. Sikilizeni yaliyonikuta.

Mwaka mmoja aliingia kundini mwanafunzi kutoka Kenya, kijana mwema, msaidizi wa watu. Mama mmoja mzee wa hapa alikuwa ameweka kundini picha ya msiba, na ndani yake alionekana marehemu. Kijana akaandika: "Toa hiyo picha saa hii." Maneno matano. Hakutukana. Mama aliitoa picha, akanyamaza siku tatu, kisha akajitoa kundini.

Nilimfuata nyumbani. Alinikaribisha vizuri, tukazungumza habari za watoto, na mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule askari mliyemwingiza ni nani?"

Nikashangaa. Askari gani?

Akanieleza. Alikuwa msichana katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini yeye hakukipata darasani wala kwenye nyimbo. Alikipata kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Toa. Leta. Kaa chini. Mpaka leo akisoma Kiswahili cha amri, mikono yake inatafuta kitambulisho. Julai 2022 serikali ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda, nami nilifurahi kama mtu aliyepata ndugu. Lakini uamuzi wa baraza la mawaziri hauwezi kubadilisha kumbukumbu iliyo katika sikio la bibi wa watu.

Nilimpeleka yule kijana kwake. Alipiga magoti kama vijana wa hapa wanavyomwamkia mzee, akasema, "Shikamoo, mama. Kwetu Nairobi tunasema hivyo tu, sikujua." Mama alirudi kundini. Kuanzia siku hiyo tuna desturi: anayetaka jambo kwa Kiswahili aanze na salamu, aseme naomba.

Sasa fikirini. Kama kundi lingesimamiwa na mashine ya kutafuta matusi, ingeona nini pale? Isingeona kitu. Na wale mabaharia wawili wa boti za visiwani, wanaotaniana kila alfajiri kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu? Mashine ingewatoa wote wawili, na asubuhi yetu ingekosa kicheko. Neno lenyewe halisemi kila kitu. Lazima ujue nani kamwambia nani, na wako wapi, na jana yao ilikuwaje.

Maji yalianza kulia kwenye sufuria. Mdogo alitaka kuyaepua, nikamzuia: bado, yanalia tu, hayajachemka.

Jambo la pili ni mwendo. Katika ekimeeza mtu alingoja zamu. Katika simu hakuna zamu. Usiku mmoja mwenye boti aliamka akakuta injini yake haipo. Injini ya boti ni mtaji wa maisha. Mtu anaweza kuilipia mkopo miaka mingi. Saa saba usiku mtu akaweka kundini picha ya kijana mwenye shati jekundu, amejilaza juu ya marundo ya nyavu. Chini yake akaandika: "Mwizi wa injini huyu. Mkimwona msimwachie."

Mimi nilikuwa nimelala. Nilipoamka saa kumi na moja kwa swala, ujumbe ulikuwa umejibiwa mara nyingi, na picha ilikuwa imeshapelekwa kwenye makundi ya Bunga na Munyonyo. Niliifuta. Ndiyo, admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wote. Lakini nilifuta nakala iliyo kundini kwetu. Zile zilizokwisha kusafiri sikuweza kuzifikia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kijana yule alikuwa mchukuzi wa mizigo aliyelala mwaloni akingoja boti ya asubuhi. Alipata bahati: mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, alimwahi kabla ya vijana wenye fimbo, akamfungia ndani ya stoo mpaka polisi walipofika. Injini ilikuwa wapi? Ndugu wa mwenye boti alikuwa ameipeleka kwa fundi jioni ile, akasahau kusema.

Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kundi letu ni kwamba hakuna picha ya mtu anayetuhumiwa. Ukiwa na ushahidi, peleka kwa LC au polisi. Baadhi yenu mnaiona sheria hiyo ni ya kuwalinda wezi. Mimi nikiisoma ninaona shati jekundu. Hata wenye WhatsApp wenyewe walikuja kuona hatari ya mwendo. Januari 2019 waliweka mpaka kwamba ujumbe mmoja usambazwe kwa watu au makundi 5 kwa mkupuo. Aprili 2020 wakabana zaidi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi usambazwe kwa mmoja mmoja. Hawakumziba mtu mdomo. Walimpunguzia kasi, akapata pumzi moja ya kufikiri.

Hapo mjukuu wangu akaniuliza swali zuri. "Jjajja, kwani maneno yanaweza kufanya nini kwa kweli? Si maneno tu?"

Nilisita, maana jibu lake ni zito, na wadogo zake walikuwa wakisikiliza. Lakini watoto wa ziwa hili wana haki ya kulijua ziwa lao.

Mwaka 1994 nilikuwa tayari ninauza samaki hapa. Katikati ya mwaka ule wanunuzi walipotea. Mputa mzuri, mbichi, analala mezani mpaka jioni na hakuna anayeuliza bei. Miili ya watu ilikuwa imeanza kuonekana upande wa magharibi wa ziwa, huko Rakai, ikiletwa na mto Kagera kutoka Rwanda. Waganda waliizika miili zaidi ya elfu 10, huko Kasensero, Lambu na Ggolo, na makaburi hayo yapo, mnaweza kwenda kuyaona. Watu wengi waliacha kula samaki. Mimi nilikaa kwenye meza yangu tupu nikiyatazama maji haya.

Rwanda kulikuwa na redio iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, jina lake RTLM. Ilipendwa na vijana. Ilipiga muziki mzuri, ilichekesha, ilipokea simu za wasikilizaji. Na katikati ya muziki na kicheko iliwaita majirani mende. Ukishamzoeza mtu kwamba jirani yake ni mende, umemwonyesha cha kumfanyia. Katika siku takriban 100 kuanzia Aprili 1994 waliuawa watu wanaokadiriwa na Umoja wa Mataifa kufika laki 8. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio ile. Maneno hayo yalisemwa ndani ya chumba kule Kigali, na matokeo yake yalisafiri na mto mpaka kwenye ziwa letu.

Ushikeni vizuri mkasa huo. Redio ile haikukosa wasimamizi. Wasimamizi wenyewe, wenye kipaza sauti mkononi, ndio waliowaita watu mende.

Upande wa pili kuna mkasa mwingine. Septemba 2009 Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II, mfalme wa Buganda, alizuiwa kwenda Kayunga, na Kampala ikalipuka kwa ghasia. Watu waliuawa, zaidi ya 20 hata kwa hesabu ya serikali. Serikali ikasema redio zimechochea. CBS ikafungwa pamoja na redio nyingine, na vikao vyote vya ekimeeza vikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010, mwaka mmoja baadaye. Meza haikurudi. Na hasira iliyosemwa pale kwa zamu, mbele ya mwenyekiti, haikuisha. Ilihamia vijiweni, kwenye teksi, na baadaye kwenye simu, ambako mwenyekiti hayupo. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Uongo ulinyamaza, na ukweli ulinyamaza nao. Katika siku hizo kundi letu halikuwa na tusi hata moja, wala halikuwa na habari ya mgonjwa, wala ya bei ya mukene, wala ya boti iliyochelewa.

Kwa hiyo ziko kingo mbili. Kwenye ukingo mmoja msimamizi anatia sumu majini kwa mkono wake. Kwenye wa pili bomba linafungwa kwa watu wote. Sisi tunapiga kasia katikati, na usiku kuna giza.

Mdogo wao akauliza kama kuna watu wanaofanya kazi hiyo kwa mshahara. Wapo, nikamwambia, na baadhi yao walikuwa jirani tu, Nairobi. Waliajiriwa na kampuni iitwayo Sama kusafisha Facebook kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Siku nzima walitazama mambo ambayo nyinyi hamtayaona kwa sababu wao waliyaondoa: watu kuuawa, watoto kuumizwa. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi Nairobi, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua ya kwao. Madaktari waliowapima wakakuta zaidi ya 140 wamejeruhiwa akili kwa yale waliyoyaona. Anayezoa tope la wengine kila siku, mwishowe linamwingia mwilini. Ndiyo sababu kundi letu lina maadmini watatu, na ndiyo sababu baada ya ile picha ya shati jekundu niliwaachia wenzangu simu wiki nzima.

Nikanyamaza. Nilidhani nimemaliza. Mjukuu wangu alikuwa anakwangua ardhi kwa kijiti.

"Jjajja," akasema, "yote nimesikia. Lakini ujumbe wangu haukuwa na picha. Sikumwita mtu mende. Nilisema anatupa matumbo mferejini. Mbona umeufuta?"

Watoto wana njia ya kukurudisha ulipokimbia.

Hapo ilinibidi niseme kweli, na ninaisema na kwenu. Yule mama mwenye kibanda cha kona ni rafiki yangu. Tumeuza samaki bega kwa bega tangu ujana. Nilipozaa, yeye ndiye aliyeshika meza yangu. Nilipouona ujumbe ule sikujiuliza kama ni kweli, wala kama umevunja sheria. Niliona jina la rafiki yangu likivuliwa nguo, na kidole kikafuta. Neno heshima nilikwenda kulitafuta baadaye, nilifunike tendo langu.

Maneno ya mjukuu wangu yalikuwa makali. Makali si sawa na mabaya. Neno kali linamuuma anayestahili kulisikia, na mtaa unaokunywa maji haya unalihitaji. Neno baya linamfanya mtu asiwe mtu. "Anatupa matumbo mferejini" ni kali, na linaweza kupimwa: nenda ukatazame mfereji. "Mchafu kabisa" linaanza kuteleza. "Aondolewe sokoni" ni hukumu, na hukumu haikuwa yake kuitoa. Ningekuwa nimetumia shabu, ningemwandikia pembeni: mjukuu wangu, acha sentensi ya kwanza, hizo mbili zifikirie tena. Mimi nilimwaga klorini ndoo nzima.

Sheria isiyomfunga anayeishika haina kazi. Ndiyo maana baada ya hapo nilichukua simu mbele yao, nikaandika kundini kwa Luganda na kwa Kiswahili kwamba nilifuta ujumbe wa mwanakundi bila haki kwa sababu aliyehusika ni rafiki yangu, na kwamba kuanzia leo ujumbe unaomgusa ndugu au rafiki wa admini ataamua admini mwingine, naye ataeleza sababu. Mikono yangu ilitetemeka kidogo. Baharia mmoja akajibu kwa picha ya moyo. Wengine hawakusema kitu. Rafiki yangu wa kona hajanipigia mpaka sasa ninapoandika, na kesho asubuhi nitakwenda kwake kwa miguu.

Bado nina jambo moja la mfereji wa Nakivubo, na hili ni lenu vijana kuliko langu.

Zamani mfereji ule haukuingia ziwani moja kwa moja. Ulipita kwanza kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo. Mafunjo yana mizizi minene inayoelea kama mkeka. Maji machafu yakipita humo yanapunguza mwendo, tope linashuka, mbolea inanyonywa na mimea. Mafunjo yalifanya kazi hiyo bure, mchana na usiku. Kisha watu wakayafyeka, wakapanda magimbi, wakajaza udongo, wakajenga. Maji yakaanza kufika ghubani na uchafu wake wote. Mwani ukazidi, mtambo wa Ggaba ukahitaji dawa nyingi zaidi, na jiji likalazimika kujenga mtambo mwingine mbali, Katosi, wilaya ya Mukono, ambako maji ni masafi zaidi.

Admini ni mtambo. Mafunjo ni nyinyi. Ni yule anayeona rafiki yake ameandika vibaya, akampigia simu pembeni: "Bwana, lifute lile kabla hajalisoma." Ni yule anayeuliza, "Umeliona mwenyewe, au umeletewa?" Ni yule anayempokea mgeni kwa salamu, na yule anayekaa kimya akiwa na hasira mpaka asubuhi. Watu wa namna hiyo wakiwepo 20 katika kundi la 200, kazi yangu inakuwa nyepesi, nalala usingizi. Wakifyekwa, mkiniletea maadmini 10 na mashine juu yake, hatutaweza.

Mjukuu wangu alikuwa ameanza kuandika. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Sikuchungulia. Baadaye alinisomea: "Habari za jioni. Mfereji wa nyuma ya soko umeziba kwa matumbo ya samaki. Mvua ikinyesha maji yataingia madarasani mwetu kama mwezi uliopita. Naomba wenye vibanda vya upande ule tukutane Jumamosi tusafishe pamoja, mimi na wenzangu watano tutakuja na majembe."

"Nitume?" akauliza.

Nilimwuliza amewaambia hao wenzake watano? Akacheka, akasema bado. Basi kawaulize kwanza.

Wakati huo wadogo zake walikuwa wameinama juu ya sufuria. Hapa Ggaba tunaishi kwenye mlango wa mtambo, na bado kila nyumba inachemsha maji ya kunywa. Wanaoyasafisha tunawaamini. Lakini kati yao na kikombe chako kuna mabomba ya miaka mingi, kuna jerikani, kuna mikono, na tumbo ni lako.

"Yamechemka sasa?" akauliza mdogo.

Nikatazama. Mapovu makubwa yalikuwa yanapanda kutoka chini kabisa.

Yamechemka, nikamwambia. Yaache yapoe.